Dirisha Linalosubiri Hodi: Matatizo ya Wanaoanza Kutunga Programu za Kompyuta ya Mezani

Mhadhara uliotolewa ukumbini mbele ya walimu, wanafunzi na wasomaji wa maktaba. Umechapwa kama ulivyosemwa; mistari ya msimbo iliyoandikwa ubaoni imeingizwa mahali pake.

  

Niliombwa nizungumzie matatizo yanayowakuta wanaoanza kutunga programu za kompyuta ya mezani, yaani zile zenye dirisha, vitufe na visanduku vya kujaza. Sikuja kufundisha lugha ya programu kuanzia alifu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba matatizo hayo, ambayo kwa anayeanza huonekana mia na kila moja na lake, mengi yana shina moja: mtunzi anadhani programu yake inaishi kwake. Haiishi kwake. Inaishi kwa mtu mwingine, anayebonyeza apendavyo, kwenye kompyuta nyingine, kwenye umeme usioahidi kitu.

Mtu ataniuliza: kwa nini kompyuta ya mezani, wakati dunia imehamia kwenye simu? Nendeni duka lolote la dawa la mtaani, au stoo ya shule, au ofisi ya chama cha kuweka na kukopa. Mtaikuta kompyuta moja na mashine ya kuchapa moja, na intaneti inayokuja na kuondoka. Programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe haiombi mtandao ruhusa ya kutoa risiti. Kazi hiyo ipo, na wanaoifanya ni wachache.

Mifano yangu ni ya lugha ya Python pamoja na Tkinter, kwa sababu Tkinter huja ndani ya Python yenyewe kwenye Windows, haikugharimu bando la ziada. Wenye Ubuntu watalazimika kusakinisha kifurushi cha `python3-tk`. Wengi hukwama hapo siku ya kwanza kabisa, wakadhani wamekosea msimbo. Wanaotumia Java au C# wasiondoke. Majina yatabadilika, matatizo ni yaleyale.

Hoja ya kwanza: programu ya dirisha haihutubii, inasubiri hodi

Programu ya kwanza ambayo karibu kila mtu huandika ni ya maandishi matupu. Kompyuta inauliza jina, unaandika, inakusalimu, kwisha. Msimbo unasomwa kuanzia mstari wa juu hadi wa chini kama risala kwa mgeni rasmi. Mwanafunzi akizoea hivyo miezi mitatu, halafu akafungua dirisha lake la kwanza, anaendelea kuandika risala. Hapo ndipo balaa huanza.

Fikirini duka la mtaani, lile tunaloliita kwa Mangi. Lina dirisha lenye wavu. Mangi hajui leo atakayetangulia kufika ni nani wala atataka nini: sukari robo, vocha, au chenji ya elfu kumi. Alichofanya alfajiri ni kupanga bidhaa kwenye rafu na kukumbuka kila kitu kiko wapi. Kisha akakaa. Mteja akibisha anahudumiwa. Akiondoka, Mangi anarudi kwenye kigoda. Programu ya dirisha ndivyo ilivyo. Mistari ya mwanzo inapanga rafu, hapa kitufe, pale kisanduku. Mstari wa mwisho, `dirisha.mainloop()`, ndio Mangi kukaa. Kila mbonyezo wa kipanya na kila herufi ya kibodi ni hodi, na kwa jina la kitaalamu tunaiita tukio. Kiswahili kimetufaa hapa, maana dirisha la duka na dirisha la kompyuta ni neno lilelile.

Ukishaliona hilo, maswali mawili yanajijibu. Swali la kwanza: kwa nini mstari niliouandika chini ya `mainloop` haufanyi kazi? Kwa sababu Mangi amekaa. Mstari huo utasomwa duka likifungwa, yaani dirisha likizimwa. Swali la pili ndilo ninalolipenda, maana kila kundi jipya huniletea upya. Mwanafunzi anaandika hivi:

`kitufe = Button(dirisha, text="Hesabu", command=hesabu())`

Anaendesha programu. Hesabu inafanyika kabla hajagusa kitu, na kitufe akikibonyeza hakifanyi lolote. Anabonyeza tena. Anabadilisha kipanya. Namwona kijana wa safu ya nyuma anacheka, nadhani yamemkuta.

Kosa ni yale mabano mawili baada ya neno `hesabu`. Mabano maana yake ni "fanya sasa hivi". Bila mabano, jina peke yake, ni kusema "kazi yenyewe ni hii, utaifanya ukibishiwa hodi". Kumpa jirani namba ya fundi bomba si sawa na kumpigia fundi bomba. Ulitaka kukipa kitufe namba. Badala yake umepiga simu wewe mwenyewe, fundi amekuja, hakuna bomba lililopasuka, amekwenda zake. Andika `command=hesabu` na jambo limekwisha.

Ndugu wa tatizo hilo ni yule anayetengeneza vitufe kumi kwa kitanzi kimoja, kila kitufe na namba yake kuanzia 0 hadi 9, halafu kila anachobonyeza kinamwambia 9. Amekiandikia kila kitufe `command=lambda: chagua(i)`. Vitufe vyote vimekumbuka jina `i`, havikukumbuka thamani iliyokuwamo wakati ule. Na vinapokuja kuulizwa, kitanzi kimekwisha na `i` imebaki 9. Dawa ni kuifunga thamani palepale: `command=lambda n=i: chagua(n)`. Inaonekana kama uganga. Si uganga, ni kumpa kila mtoto nauli yake mkononi badala ya kuwaambia wote "mtaikuta kwa baba".

Hoja ya pili: programu haijafa, iko ghalani

"Mwalimu, imestaki." Neno hilo nalisikia kuliko salamu. Dirisha limeganda, limekuwa jeupe, na juu yake Windows imeandika kwamba haliitikii. Windows haisemi hivyo kwa kubahatisha. Dirisha likikaa sekunde 5 bila kushughulikia ujumbe linaotumiwa, mfumo unalihesabu kuwa haliitikii.

Kilichotokea ni hiki. Mteja mmoja amebisha hodi akaagiza ripoti ya mwaka mzima. Mangi ameinuka, amekwenda ghalani nyuma ya nyumba kuhesabu magunia, na dirishani hakuna mtu. Wateja wengine wanagonga. Mmoja anataka tu kulisogeza dirisha pembeni, na hata kusogezwa ni hodi inayohitaji mtu wa kuiitikia.

Niliwahi kuandikia duka programu ya risiti iliyokuwa na kasoro hii. Kuandaa risiti kulichukua sekunde kama nane. Mama muuzaji alibonyeza "Chapisha", akaona kimya, akabonyeza tena, na tena. Mashine ya kuchapa ilipoamka ilitoa risiti kumi na moja za panadoli pakiti moja. Hodi zile hazikupotea. Zilipangwa foleni, na Mangi aliporudi alizihudumia zote kwa uaminifu. Kosa lilikuwa langu. Mama yule alifanya anachofanya binadamu yeyote mlango usipofunguliwa.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, katika kitabu alichotoa mwaka 1993, aliweka vipimo vitatu ambavyo mpaka leo vinatumika. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu anahisi limekuja papo hapo. Hadi sekunde 1, anaona kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki. Hadi sekunde 10, bado anaweza kuvumilia akitazama skrini. Zaidi ya hapo anahamia jambo jingine, na ni lazima umwonyeshe kazi imefika wapi. Vibandikeni ukutani vipimo hivyo, juu ya meza ya kazi.

Sasa dawa. Anayeanza akitaka programu ingoje sekunde mbili huandika `time.sleep(2)`. Huko ni kumlaza Mangi usingizi. Tkinter ina njia yake, `dirisha.after(2000, endelea)`, yaani "baada ya milisekunde 2,000 nikumbushe", huku dirisha likiendelea kuhudumia. Kazi ikiwa ndefu kweli, kama kusoma mafaili elfu au kuita mtandao, ikabidhini kwa uzi mwingine. Uzi hapa ni mfululizo wa pili wa kazi ndani ya programu ileile. Mangi anamtuma kijana ghalani, yeye anabaki kwenye kigoda.

Ila sikilizeni vizuri, maana hapa hata waliokwisha kupevuka huanguka. Kijana wa ghalani haruhusiwi kuuza dirishani. Uzi wa pili usiguse kitufe, usibadilishe maandishi ya kisanduku, usiandike kitu kwenye skrini. Ukiugusisha, programu inaweza kwenda sawa mara tisa na kuanguka ya kumi, na kosa la namna hiyo ndilo baya kuliko yote kwa sababu ukilitafuta halipo. Java Swing ina sheria hiyohiyo. Windows Forms ya C# vilevile. Kijana alete mzigo auweke kwenye foleni, kwa Python ni `queue.Queue`, na Mangi mwenyewe, kwa ile `after`, achungulie foleni kila milisekunde 100 aone kama kuna kilichofika.

Na kitufe? Kizimeni kazi inapoanza, kiwasheni inapokwisha. Lakini ukikizima na kukiwasha ndani ya kazi ndefu ileile, bila uzi wa pili, hodi zilizokwisha kupangwa foleni zitaukuta mlango wazi. Risiti kumi na moja tena.

Hoja ya tatu: kinachoandikwa kisandukuni ni maandishi, na kimeandikwa na mtu

Mtu anaweka 2 katika kisanduku cha kwanza, 3 katika cha pili, anabonyeza "Jumlisha", jibu ni 23. Kompyuta haijakosea. Kisanduku hutoa maandishi, na maandishi yakijumlishwa huunganishwa. Tumieni `int()` kuyageuza namba. Hilo ni jepesi, na kila kitabu kinalo.

Kigumu ni kile ambacho vitabu vya ng'ambo havikitaji, jinsi watu wetu wanavyoandika pesa. Mweka hazina wa kikundi hataandika `15000`. Ataandika `15,000`. Kama ana umri wangu, ataandika `15,000/=`. Ukipeleka hiyo kwenye `int()`, Python inakurudishia kosa liitwalo `ValueError`. Wengi wanapofika hapo humlaumu mtumiaji: "Hajui kuandika namba!" Anajua. Ameandika hivyo miaka thelathini na benki inamwelewa. Kazi ya kuondoa mkato, `/=` na neno `Tsh` ni yako, nayo haizidi mistari mitatu. Kisha kama bado haigeuki kuwa namba, mwambieni kwa lugha anayoisoma: "Andika kiasi kwa tarakimu, mfano 15000." Msimwambie `Invalid input`.

Tukiwa bado kwenye pesa: msihifadhi fedha kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta. Fungueni Python muandike `0.1 + 0.2`. Jibu ni 0.30000000000000004. Namba hizo zimewekwa kwa mfumo wa mbili, yaani wa 0 na 1, kwa kanuni ya IEEE 754 iliyotolewa mwaka 1985, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa mbili, kama vile moja ya tatu isivyomalizika katika mfumo wetu wa kumi. Sisi tuna bahati. Shilingi zetu hatuzihesabii tena senti, kwa hiyo namba nzima inatosha. Anayehitaji senti atumie `Decimal`, au ahesabu senti badala ya shilingi.

Na saa. Karani ameandika "saa 2". Ni 08:00 au 20:00? Katika programu moja ya mahudhurio nilikuta walinzi wa usiku wanaonekana kuingia kazini saa za kifungua kinywa. Msimwachie mtu kisanduku tupu cha saa. Mpeni orodha achague, na kila mstari uoneshe saa ya Kiswahili kando ya ile ya kompyuta: "Saa 2 usiku, 20:00". Tarehe nazo zina fitina yake, kwani 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Hifadhini kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Kwenye skrini onesheni mwezi kwa jina.

Hoja ya nne: "kwangu inafanya kazi"

Nitapita haraka, maana Mwenyekiti ameanza kuitazama saa yake, ile ya mkononi.

Umemaliza programu, umeipeleka kwa flashi kwenye kompyuta ya ofisi, na inasema faili halipo. Faili lipo, unaliona kwa macho. Ulipoandika `open("bei.csv")` hukusema faili liko folda gani, hivyo programu inalitafuta katika folda ambamo imeanzishwa, ambayo si lazima iwe folda inamokaa programu. Kwako zilikuwa folda moja kwa bahati. Ianze njia yako kwa `Path(__file__).parent`, na itajitafutia kwake popote itakapopelekwa. Vilevile msiandike data ndani ya `Program Files`. Windows inailinda folda ile, na mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika humo. Wekeni data kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe.

Wengine huandika njia nzima, `"C:\Users\..."`, na Python inakataa hata kuanza, ikilalamikia kitu kiitwacho `unicodeescape`. Mkwaju ule wa nyuma (`\`) ndani ya maandishi ni alama ya amri. `\U` inasubiri tarakimu nane za herufi ya Unicode, na `\n` ni kushuka mstari, kwa hiyo folda iitwayo `new` hugeuka mistari miwili. Wekeni herufi `r` mbele ya alama za kunukuu, au tumieni mkwaju wa mbele.

Kuna na picha inayopotea. Umeweka nembo ya duka juu ya dirisha. Nafasi yake ipo, picha haipo, na hakuna kosa lolote lililoandikwa. Picha uliifungua ndani ya fanksheni. Fanksheni ilipokwisha, hakuna jina lililobaki likiishika, na Python hufagia kila kisichoshikwa. Ishikeni: `lebo.picha = picha`. Mstari mmoja. Mimi ulinichukua siku mbili, wakati huo sina wa kumuuliza.

Mpangilio nao. Tkinter ina wapangaji wa vitu kwenye dirisha, na wawili wanaotumika sana ni `pack` na `grid`. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Zamani ukiwachanganya ndani ya fremu moja, kila mmoja alikuwa akibadilisha ukubwa na mwenzake akibadilisha tena, bila mwisho, programu ikaganda. Matoleo ya sasa yanakuandikia kosa, afadhali. Chagueni mmoja kwa kila fremu. Yupo wa tatu, `place`, anayepima kwa nukta. Mwogopeni, maana kinachokaa vizuri kwenye skrini yako kitakatwa nusu kwenye skrini ndogo ya mteja. Na msikipe kitufe upana wa kudumu mlioupimia neno `Save`, halafu mkataka kukibandika "Hifadhi Mabadiliko". Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kwenye vitufe si jambo la kujaribu tena. Kilichobaki ni kukiachia nafasi.

Hoja ya tano: umeme utakatika

Hapa naomba nikae kidogo.

Miaka ya nyuma nilikitungia chama kimoja cha kuweka na kukopa programu ya kumbukumbu za wanachama. Sitakitaja jina. Kila mara mweka hazina alipobonyeza "Hifadhi", programu yangu ililifungua faili lote kwa `open(..., "w")` na kuandika wanachama wote upya, kuanzia wa kwanza. Ilifanya kazi vizuri miezi minne. Siku moja alasiri, katikati ya kuandika, umeme ulikatika. Uliporudi, faili lilikuwepo, lina jina lake, lina tarehe ya siku ile, na ukubwa wake ulikuwa baiti 0.

Ile herufi `"w"` hulifuta faili papo hapo linapofunguliwa, kabla hujaandika hata neno. Kati ya kufutwa na kuandikwa kuna mwanya. Kwangu mwanya ule ulikuwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo nikauona kama haupo. Lakini mtu akibonyeza "Hifadhi" mara sitini kwa siku, miezi minne, umeme una nafasi nyingi sana za kuulenga. Tuliirudisha kazi ile kutoka kwenye daftari la karatasi la mweka hazina, mstari kwa mstari, siku tatu. Bibi yule hakunikaripia. Alinisomea, nami nikachapa.

Nilichojifunza kina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza: usiandike juu ya faili zima la zamani. Andika faili jipya pembeni, hakikisha limefika kwenye diski kwa `flush` na `os.fsync`, kisha ulibadilishie jina kwa `os.replace`. Umeme ukikatika kabla ya kubadilisha jina, la zamani lipo lote. Ukikatika baada yake, jipya lipo lote.

Ngazi ya pili, ambayo kwa programu yoyote ya pesa ndiyo ninayoishauri: achaneni na mafaili ya kujiandikia, tumieni kanzidata. SQLite, iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000, ni ya bure kabisa, huja ndani ya Python kwa jina `sqlite3`, haihitaji seva, na data yote inakaa katika faili moja. Kazi yake kubwa ni muamala. Unatoa shilingi 50,000 kwenye akiba ya mwanachama, unaziweka kwenye marejesho ya mkopo. Hayo ni maandiko mawili, lakini mbele ya SQLite ni jambo moja. Ama yote yameandikwa, ama hakuna lililoandikwa. Umeme ukikatika katikati, ukirudi inajirudisha ilipokuwa. Na hapa wanaoanza huanguka tena: wanaandika data, hawaandiki `commit()`, wanafunga programu, kesho yake data haipo. Bila neno hilo, SQLite inachukulia hamkukata shauri.

Hoja ya sita: kosa likisema, lisikilizwe

Mwanafunzi ananiletea kompyuta. "Mwalimu, imeleta makosa." Makosa gani? "Maandishi mekundu mengi." Yanasemaje? Hajayasoma.

Kwa Python, someni mstari wa mwisho kwanza, maana ndio unaotaja kosa lenyewe. Kisha pandeni juu taratibu mpaka mstari wa kwanza wenye jina la faili lenu wenyewe. Hapo ndipo pa kuchimba. Maandishi ni ya Kiingereza na yana ukali, lakini msamiati wake si maneno mengi. Mwenye kamusi na wiki moja anayamaliza.

Kuna tabia moja nawaomba muiache leo hii, ile ya kuandika `try`, na chini yake `except: pass`. Hiyo ni kumziba mgonjwa mdomo ili asilalamike. Kwa programu za dirisha mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kosa likitokea ndani ya kazi ya kitufe, Tkinter huliandika kwenye dirisha jeusi la maandishi na kuendelea kama hakuna kitu. Ukimpa mteja programu yenye faili la `.pyw`, lile dirisha jeusi halipo kabisa. Anabonyeza, kimya. Anakupigia: "Kitufe kimekufa." Tkinter ina mlango wa kushughulikia jambo hili, `report_callback_exception`. Ushikeni, muuelekeze uandike kosa pamoja na saa yake kwenye faili la kumbukumbu, na umwoneshe mtumiaji sentensi moja ya Kiswahili yenye namba ya kukupigia. Tangu nifanye hivyo, simu za usiku zimekuwa fupi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimefika nilikotaka kufika. Kuhusu siku zijazo nina maombi mawili. Kwa walimu: zoezi la mwisho la muhula lisiwe tena kikokotoo. Vikokotoo tunavyo. Mpelekeni mwanafunzi stoo ya shule, akae na mtunza stoo asubuhi moja, aone anavyoandika, kisha amtungie programu na airudishe kwake. Na siku ya kuirudisha, akae nyuma ya mtunza stoo bila kusema neno, aangalie kidole kinakwenda wapi. Kwa vijana: mkikwama, kabla ya kuniletea, punguzeni msimbo mpaka ibaki mistari kumi ambayo bado ina kosa. Nusu yenu mtalipata mkiwa njiani.

Mkutubi wa maktaba hii amekubali chumba cha kompyuta kiwe wazi kwetu Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Mkiiweka kwenye kalenda ya simu, andikeni 10:00. Programu inayofanya kazi iacheni nyumbani. Leteni ile iliyowashinda, na ujumbe wake wa kosa mkiwa mmeunakili neno kwa neno.